Ramani iliyolingana kwa sababu isiyo yake: mafuriko nyuma ya tuta la barabara, hori ya Lindi

Ramani ya kwanza iliyotoka kwenye kompyuta ilionyesha maji yakisimama mita 3.2 juu ya usawa wa wastani wa bahari. Alama za matope kwenye kuta za nyumba tatu zilikuwa kati ya mita 3.25 na 3.30. Tofauti isiyozidi sentimita 10 katika bonde lisilo na kituo hata kimoja cha kupimia mto ni matokeo ambayo wengi wangeyafungia kazi. Ramani hiyo ilikuwa na makosa mawili makubwa, kila moja likificha jingine, na mapendekezo ambayo yangeandikwa kutokana nayo yangekuwa ya kukata mikoko bila faida yoyote.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Mazingira ni ya mabonde madogo ya msimu yanayomwaga maji kwenye hori ya Lindi, upande wa Mingoyo. Namba za mvua, tuta, makalavati na alama za maji zimewekwa ili hesabu ifuatwe hatua kwa hatua, wala si vipimo vya kijito fulani. Programu, data za satelaiti na tabia zake ni kama zilivyo.

Hali yenyewe

Kidakio cha kijito, yaani eneo lote ambalo mvua yake hutiririkia humo, kina kilomita za mraba 38. Juu ni mikorosho na vichaka, katikati nyumba na mashamba ya mpunga, halafu tuta la barabara linalokata bonde lote. Ng'ambo ya tuta yako mashamba ya chumvi, kisha mikoko, kisha hori. Tuta lina upana wa mita 9 juu na mita 17 chini, urefu wa kwenda juu mita 2 kutoka ardhi ya bonde, na sehemu yake iliyo chini kabisa, yenye mita 120, iko mita 2.8 juu ya usawa wa wastani wa bahari. Chini yake mna makalavati manne ya duara yenye kipenyo cha mita 1.2, sakafu zake zikiwa mita 0.2. Mawili yamejaa mchanga hadi nusu. Sakafu za nyumba zilizoathirika ziko mita 2.7.

Mvua ya milimita 140 ilinyesha ndani ya saa 10, wakati bahari ikiwa kwenye bamvu na upepo wa dhoruba ukiisukuma nchi kavu. Swali la halmashauri lilikuwa la kawaida: ni bahari iliyopanda, ni mikoko iliyoziba mdomo, au ni barabara? Kila jibu lina waumini wake kijijini, na kila jibu lina bajeti tofauti.

Ukanda huu si mgeni wa misukosuko ya namna hiyo. Kimbunga cha Aprili 1952 kilipiga Lindi moja kwa moja. Kenneth, Aprili 2019, kilitua kusini ya mpaka, Cabo Delgado, baada ya watu wa Mtwara kuhamishwa. Januari 2020 mafuriko ya mito yaliua watu wilayani Kilwa. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga na mikoa ya kusini ikabaki imetengwa kwa siku kadhaa. Tuta linalozuia maji, kisha likaliwa na maji hayo hayo, ni jambo ambalo wahandisi wa kusini wanalijua kwa macho.

Kuchagua programu

Programu nyingi za kazi hii hutatua milinganyo ile ile ya maji ya kina kifupi, ambayo mzizi wake ni kazi ya Saint-Venant ya mwaka 1871: kiasi cha maji hakipotei, na kasi hubadilika kwa sababu ya mteremko, shinikizo na mkwaruzo wa ardhi. Tofauti ziko kwenye wavu, yaani vipande vidogo ambavyo ardhi hugawanywa ili kila kimoja kihesabiwe, na kwenye vitu vya ziada. GeoClaw, iliyokua mikononi mwa Randall LeVeque na wenzake, ni hodari kwa tsunami na bahari inayoinuliwa na kimbunga, kwa sababu wavu wake hujikaza wenyewe pale wimbi lilipo na kulegea nyuma yake. Haikuundwa kwa ajili ya makalavati. HEC-RAS ya jeshi la wahandisi la Marekani ni ya bure, ina madirisha ya kubofya, na tangu toleo la 5.0 la mwaka 2016 inahesabu mtiririko unaosambaa kwa urefu na kwa upana. Asiyependa kuandika maagizo kwa lugha ya kompyuta ya Python aende huko, hatapungukiwa.

Hapa ilichukuliwa ANUGA, ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia na Geoscience Australia. Ni huria, wavu wake ni wa pembetatu, inavumilia ardhi kulowa na kukauka mara kwa mara kama inavyotokea kwenye hori, na ina zana mbili zinazohitajika sana katika kisa hiki: ukuta wa mto unaowekwa juu ya kingo za pembetatu, na kalavati la Boyd, yaani kanuni ya kukokotoa mtiririko wa kalavati, linalohamisha maji kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine. Kusema kweli, uchaguzi wa programu ulikuwa uamuzi mdogo kuliko yote. Makosa yaliyofuata yangetokea vile vile kwenye programu yoyote kati ya hizo.

Maji ya kuingiza

Kituo cha hali ya hewa chenye kumbukumbu ndefu kiko Mtwara, kama kilomita 100 kwa barabara kutoka Lindi, na mvua za dhoruba hazifuati barabara. Kwa hiyo takwimu za kituo hulinganishwa na za satelaiti: IMERG hutoa kipimo kila nusu saa kwa miraba ya takriban kilomita 10, na CHIRPS hutoa cha kila siku tangu 1981 kwa miraba ya takriban kilomita 5. Angalizo moja linalowaponza wengi: mvua ya siku hupimwa saa 3 asubuhi. Dhoruba iliyoanza usiku ikavuka saa hiyo hugawanywa kwenye tarehe mbili, na anayechukua tarehe moja tu anajikuta na nusu ya mvua.

Kugeuza mvua kuwa mtiririko kulitumika namba ya mkunjo (kadiri ilivyo kubwa ndivyo ardhi inavyokunywa mvua kidogo) ya 72, inayofaa mchanganyiko wa mikorosho, vichaka na udongo wa mchanga-mfinyanzi. Uwezo wa ardhi kunywa ni 25,400 gawanya kwa 72, toa 254, yaani milimita 98.8. Sehemu ya tano yake, milimita 19.8, hunywewa kabla maji hayajaanza kutiririka. Inayobaki hutoa milimita 66 za kutiririka, na kwa kidakio cha kilomita za mraba 38 hizo ni mita za ujazo milioni 2.5. Zikipangwa kama pembetatu yenye kilele cha mita za ujazo 85 kwa sekunde, msingi wake unakuwa saa 16 na dakika 24. Mtiririko huo uliingizwa kwenye mstari mmoja mwanzoni mwa bonde, kwa sababu sehemu kubwa ya kidakio iko nje ya modeli.

Namba hiyo ya 72 ina mashaka, na ni vizuri kuyapima mapema. Ukiweka 65 unapata milimita 51. Ukiweka 80 unapata 85. Kilele kinakwenda kati ya takriban 65 na 109 kwa sekunde. Kumbuka upana huo, maana utarudi kwa sura nyingine.

Sifuri tatu za bahari

Hori ya Lindi hupwa na kujaa kwa zaidi ya mita 3 wakati wa bamvu, mzunguko mmoja ukichukua saa 12 na dakika 25. Mpaka wa bahari kwenye modeli kwa hiyo ni wimbi lenye nusu-kimo cha mita 1.6 na kipindi cha sekunde 44,712, likiongezwa mita 0.4 za dhoruba. Kilele cha bahari kinafika mita 2.0.

Mitego iko kwenye sifuri. Jedwali la maji kupwa na kujaa huhesabu kutoka karibu na kiwango cha chini kabisa cha bahari, si kutoka usawa wa wastani. Anayenakili mita 3.6 za jedwali na kuziweka kwenye modeli anainua bahari yote karibu mita 2 na kuzamisha nusu ya ukanda. Data ya mwinuko ya Copernicus, ya satelaiti, hutumia jioidi ya EGM2008 (umbo la dunia linalofuata mvutano wake), ambayo kwa kazi hii inakaribia usawa wa wastani wa bahari. GPS ya upimaji nayo hutoa urefu juu ya elipsoidi, yaani umbo laini la dunia la kihesabu, na pwani ya Tanzania jioidi iko zaidi ya mita 20 chini ya elipsoidi hiyo. Mashine ikikuambia kwamba ufuo uko hasi mita ishirini na kitu, haijaharibika, inasubiri ugeuze. Urefu unaosomwa kwenye simu usiuguse kabisa, kwani unayumba mita kadhaa ukiwa umesimama pale pale.

Ramani ya kwanza, na kwa nini ililingana

Mwinuko ulitoka kwenye Copernicus yenye pikseli za mita 30, jinsi ilivyopakuliwa. Rada iliyoizalisha haioni udongo chini ya majani mengi. Inaona karibu na vilele vya miti. Mikoko ya mdomoni, yenye urefu wa mita kadhaa hadi kumi, ikaingia kwenye modeli kama kilima kati ya mashamba ya chumvi na hori. Mahali ambapo maji hupita kati ya mizizi kila siku mara mbili, kompyuta iliona bwawa.

Wakati huo huo tuta la barabara lilitoweka. Eneo la sehemu yake ya kukata ni mita za mraba 26. Ukiligawa kwenye pikseli ya mita 30 unapata wastani wa sentimita 87, na hapo ni pale tuta linapokaa katikati ya pikseli moja. Likigawanyika kati ya mbili kila moja inapata kama sentimita 43. Data yenyewe inaahidi usahihi wa mita 4 kwa asilimia 90 ya pointi. Tuta la mita 2 limezama ndani ya kelele.

Basi maji yalizuiwa na mikoko ya uongo badala ya barabara ya kweli, na kwa bahati kizuizi hicho kilikuwa na kimo kinachokaribiana. Kiwango kikafika mita 3.2. Mtu anayetazama alama za ukutani peke yake hana sababu ya kushuku.

Kilichofichua kosa ni alama ya nne, ambayo haikupimwa mwanzoni kwa sababu haikuwa kwenye nyumba iliyolalamikiwa. Ilikuwa kwenye ukuta wa banda la chumvi, ng'ambo ya tuta: mita 2.1. Ramani ilisema hapo pia ni 3.2. Kati ya pande mbili za barabara kulikuwa na mruko wa zaidi ya mita 1 ambao modeli haikuujua. Bega la barabara upande wa hori lilikuwa limeliwa, lami ikining'inia pembeni, na hiyo ni sahihi ya maji yaliyomwagika kutoka juu kwenda chini, si maji yaliyosimama sawa pande zote. Muda nao ulikataa: modeli iliyaweka maji vyumbani siku tatu, wakati wenye nyumba walikuwa wakifagia tope kesho yake mchana.

Kuhusu alama zenyewe, ukuta wa tofali za udongo hunyonya maji, na unyevu hupanda sentimita 10 hata 20 juu ya pale maji yalipofika. Kinachopimwa ni mstari wa makapi: ganda la mpunga, vijiti na majani makavu yaliyonata kwa mpangilio, kwa kawaida wazi zaidi kwenye pembe ya ndani ya chumba ambako hakukuwa na mawimbi. Piga mstari kwa kalamu ya rangi, kisha hamisha urefu kwa leveli na stafu kutoka alama moja ya upimaji. Pima pande zote mbili za kila kizuizi, hata upande ambao hakuna aliyelalamika.

Kurekebisha kosa moja kulivyoharibu ramani

Hatua ya kwanza ilikuwa kushusha mikoko hadi kati ya mita 0.5 na 1.0, kwa kutumia mipaka iliyochorwa kutoka picha za satelaiti na vipimo vichache vya ardhi kwenye mifereji. Mtu asiye na vipimo anaweza kuanza na FABDEM, toleo la Copernicus lililotolewa miti na majengo, ila aangalie leseni yake hairuhusu biashara na mikoko yenye msongamano haiondoki vizuri kila mahali.

Modeli ikaendeshwa tena. Maji yakapita bondeni hadi hori bila kusimama, kiwango nyuma ya barabara kikawa kama mita 2.2, na nyumba zote zikabaki kavu. Kwa kipimo cha alama za ukutani, kosa lilikuwa limetoka sentimita 10 hadi zaidi ya mita 1. Kazi nyingi huharibikia hapa, kwa sababu kuna njia rahisi ya kurudisha namba. Mkwaruzo wa Manning, namba inayoonyesha ardhi inavyopunguza kasi ya maji, kwa mikoko ulikuwa 0.12. Ukiupandisha hadi 0.4 maji yanarudi nyuma na alama zinalingana upya. Hakuna atakayekuuliza, na ripoti itasema modeli imesawazishwa.

Mkwaruzo una masafa yake: lami 0.015, mfereji wa mchanga 0.03, mpunga 0.04 hadi 0.05, vichaka na mikorosho yenye magugu 0.06, mikoko 0.1 hadi 0.15 na kidogo zaidi pale mizizi inapobanana sana. Namba ikitoka nje ya masafa ili ramani ilingane, kuna kitu kimekosekana ardhini, na kukitafuta kwenye mkwaruzo ni kukifunika.

Kuweka tuta na makalavati

Upeo wa tuta ulipimwa kwa GPS ya upimaji, na mstari ukaingizwa kama ukuta wa mto. ANUGA hulazimisha kingo za pembetatu zifuate mstari huo na maji yakivuka yanahesabiwa kama yanavyovuka kizingiti. Wavu ulikuwa na pembetatu zisizozidi mita za mraba 2,000 kwenye sehemu kubwa ya kilomita za mraba 18, na zisizozidi 50 kwenye kilomita za mraba 1.2 kuzunguka barabara. Kwa hesabu ya haraka hizo ni 32,400. Idadi halisi huja zaidi kwa kuwa ukubwa uliotajwa ni wa juu kabisa.

Jaribio la kwanza la wavu huu lingechukua siku. GPS ilikuwa imerekodi pointi kila sekunde mpimaji akitembea, mahali pengine sentimita 40 kati ya pointi na pointi, na kila jozi ilizaa pembetatu nyembamba kama ukucha. Hatua ya muda, yaani muda unaorukwa kati ya hesabu moja na inayofuata, kwenye programu hizi hufungwa na sharti la Courant, Friedrichs na Lewy: wimbi lisiruke pembetatu nzima kwa hatua moja. Kwenye maji ya mita 2 wimbi huenda mita 4.4 kwa sekunde, ongeza mwendo wa maji wenyewe mita 1.5. Pembetatu ya mita za mraba 50 ina nusu-kipenyo cha ndani cha mita 3.1, hivyo hatua ni kama nusu sekunde. Pembetatu moja ya sentimita chache inaishusha hatua hiyo chini ya sekunde 0.02, na bonde zima linaisubiri. Dawa ni kurahisisha mstari kwenye programu ya ramani ya QGIS ili pointi zisikaribiane chini ya mita 3, ukibakiza pale tuta linapopanda au kushuka. Ukiona hatua ya muda imeporomoka, usipunguze wavu wote. Chapisha pembetatu ndogo kuliko zote uende moja kwa moja ilipo.

Makalavati yaliwekwa manne, kila moja na mstari wake wa kuingilia na wa kutokea, yote nje ya ukuta na kwenye pembetatu zilizo chini ya maji mapema. Mstari ukiangukia juu ya bega la tuta, kalavati linakaa kavu hadi mafuriko yafike juu, na modeli haitoi onyo. Mawili yenye mchanga yalipewa kigezo cha kuziba cha 0.5.

Sasa nyuma ya tuta maji yalifika karibu mita 3.3, upande wa banda la chumvi mita 2.1, na mwanzo wa kuvuka barabara ukawa saa 5 na dakika chache baada ya mto kuanza kupanda. Maji yalitoka vyumbani ndani ya muda uliosimuliwa. Alama nne na muda mmoja, bila mkwaruzo kuguswa.

Hesabu ya kalamu inathibitisha. Kalavati safi lenye maji mita 2.4 juu ya sakafu yake hupitisha 0.6 (punguzo la mlangoni) mara 1.13 (eneo la mdomo wake) mara kasi ya mita 5.9, yaani mita za ujazo 4 kwa sekunde. Manne ni 16. Yakiwa na mchanga ni 12. Kilele ni 85. Karibu 70 lazima zipite juu ya barabara, na kwenye kizingiti cha mita 120 hizo zinahitaji kina cha takriban nusu mita. 2.8 na 0.5 ni 3.3. Modeli ambayo haikubaliani na hesabu ya dakika tano kama hii haistahili kutetewa.

Yaliyojitokeza baada ya hapo

Mengi ya haya hayakutarajiwa na pande zilizokuwa zikibishana. Bahari haikuinua kilele. Makalavati yakizamishwa na bahari ya mita 2.0, mtiririko wa kila moja hushuka kwa zaidi ya robo, lakini barabara iko mita 2.8 na inaendelea kumwaga kwa uhuru. Ukisogeza saa ya maji kujaa mbele au nyuma kwa saa 3, nyuma ya tuta kunabadilika sentimita chache tu. Kinachobadilika ni muda wa kukauka. Bwawa la mita za ujazo 500,000 lililo chini ya upeo wa tuta hutoka kwa makalavati peke yake, na kila bahari inapojaa milango hiyo husimama au hurudisha maji ya chumvi kwenye mpunga. Mwenye mpunga analalamikia bahari kwa haki. Mwenye nyumba, si kwa mafuriko haya.

Kuzibua mchanga kunashusha kilele cha mafuriko haya kwa sentimita 2. Hiyo haimaanishi tusizibue. Mvua ya milimita 60 hutoa mita za ujazo 440,000 tu, ambazo hazitoshi kujaza bwawa hadi barabarani, na hapo makalavati ndiyo yanayoamua maji yafike wapi na yakae kwa muda gani. Mvua za namna hiyo ni nyingi kuliko dhoruba.

Na yale mashaka ya namba ya mkunjo: kilele kikienda kati ya 65 na 109, kina juu ya barabara kinakwenda kati ya sentimita 40 na 62 tu. Barabara ndefu inayovukwa ni kizingiti kinachosamehe. Kwa hiyo alama za ukutani kulingana hakuthibitishi kwamba mvua imekadiriwa vizuri, na mtu asichukue mtiririko wa modeli hii akasanifu daraja la mto mwingine. Ushahidi wa mtiririko ungetoka kwenye muda wa kuvuka barabara, ambao hapa ulijulikana kwa maneno ya watu tu.

Picha za rada za satelaiti ya Sentinel-1 zilitazamwa kwa eneo la mafuriko. Zinapenya mawingu, lakini hupita kwa siku maalumu na huenda zikakuta maji yameshuka. Chini ya mikoko maji huonekana yanang'aa badala ya kuwa meusi. Zilifaa kwa mpunga ulio wazi, basi.

Majaribio ya suluhisho

Kukata mikoko kulijaribiwa kwenye kompyuta kwa kushusha mkwaruzo wake hadi ule wa mchanga mtupu. Nyuma ya tuta hakukubadilika kitu. Mikoko ni hifadhi iliyo chini ya TFS, wakala wa misitu, na hata isingekuwa hivyo, hapa haina kesi ya kujibu.

Makalavati matatu ya boksi, mita 3 kwa 2, yakiongezwa kwenye ya duara yaliyosafishwa, hupitisha takriban 78 kwa sekunde maji yakiwa sawa na upeo wa tuta. Bwawa linapunguza kilele kidogo, hivyo barabara haivukwi, ila hakuna nafasi ya ziada kwa gogo moja lililokwama mlangoni. Manne yana nafasi hiyo. Njia ya bei nafuu ni kushusha sehemu ya barabara iwe drifti ya zege, ambayo maji huachwa yapite juu yake, yenye kingo za mawe: magari yatasimama mara nyingi zaidi, nyumba zitapona. Kwa barabara ya TARURA yenye magari machache hilo lina mantiki. Kwa barabara kuu ya TANROADS halikubaliki, kwa sababu zilizoonekana Mei 2024.

Kila suluhisho linaloachia maji mapema linayapeleka kwenye mashamba ya chumvi mapema, wakati bahari bado juu. Ramani ya upande wa chini lazima itolewe pamoja na ya juu, tena kwa kila saa ya bahari iliyojaribiwa.

Jambo moja ANUGA hailioni kabisa: kwake ukuta wa mto haumomonyoki. Tuta la mchanga lililovukwa na nusu mita ya maji kwa saa kadhaa linaweza kukatika, kwa hiyo iliendeshwa modeli ya ziada ambamo mita 30 za ukuta ziliondolewa kwenye kilele. Maji ya mita 3.3 yakishuka kwenye ardhi ya mita 0.8 kupitia pengo hilo hutoa takriban mita za ujazo 200 kwa sekunde mwanzoni, zaidi ya mara mbili ya mto wenyewe. Vibanda vya wachoma chumvi viko mbele ya pengo hilo, na kwenye ramani ya tahadhari vimepakwa rangi nyekundu ingawa kwenye mafuriko ya kisa hiki maji yaliishia mita 2.1.